Vumbi la Jineri Nyumbani kwa Mkwe

Mihayo alikuwa na ng'ombe wachache, shamba la pamba na sauti nzuri. Akisema barazani, watu walinyamaza. Jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi.

Yeye na mkewe, Mbuke, waliishi upande wa juu wa kijiji, huko Kishapu. Mama yake Mbuke, Bibi Nyamizi, aliishi upande wa chini, nyuma ya jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba. Kila Jumapili Mihayo alikwenda kumjulia hali. Lakini kwa desturi yao, mwanamume haingii katika nyumba anamolala mama mkwe wake. Kwa hiyo Mihayo alikaa nje, kando ya ghala la mtama, uso ameuelekeza zizini. Bibi Nyamizi alimsalimu kutoka ndani. Kisha alimtuma Mbuke ampelekee bakuli la maziwa ya mgando, limefunikwa kwa ungo mdogo.

"Mama anajua heshima," Mihayo alimwambia mkewe. "Hata maziwa anayafunika."

Mbuke aliuchukua ungo, akaukung'uta.

Mwaka ule, 1955, amri ilitoka wilayani. Kila jineri ijenge chumba cha kunasa vumbi kabla ya msimu wa kununua pamba. Msimu ukafika na chumba hakijajengwa. Msimamizi wa jineri, Bwana Bartholomeo, akaomba aongezewe muda mpaka msimu uishe. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, akaita baraza. Athanas, bwana afya wa wilaya, akaja kuwasikiliza wenyeji.

"Jineri ikifungwa, pamba yenu italala uwanjani," alisema Bartholomeo. "Mvua zitaikuta hapo hapo."

Watu waliguna. Pamba ndiyo iliyowapa kodi na nguo.

"Sikuja kufunga jineri," alisema Athanas. "Muda unaweza kuongezwa. Lakini niambieni, wanaoishi nyuma ya jineri wana hali gani?"

Watu wakatazamana. Wengi wa wakazi wa huko walikuwa wajane, na wajane hawakuwa na mazoea ya kuja barazani. Mihayo akasimama.

"Mkwe wangu anaishi huko," alisema. "Mimi huenda kila Jumapili. Sijamsikia akilalamika hata mara moja. Vumbi lipo, lakini kiangazi ni wapi hakuna vumbi? Waongezewe muda."

Watu walipiga makofi. Muda ukaongezwa bila sharti lolote. Bartholomeo alimshika Mihayo mkono, naye akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Jineri ikafanya kazi mchana na jioni. Siku moja Mbuke alirudi kutoka kwa mama yake, uso umemshuka.

"Baba Limi, mama anakohoa sana."

"Ni baridi ya asubuhi," Mihayo alijibu. "Ajifunike vizuri."

Jumapili iliyofuata, Mihayo alikaa kando ya ghala kama kawaida. Salamu haikutoka ndani. Alisikia kikohozi tu, kisha Mbuke akatoka mbio.

"Mama hapumui vizuri! Apelekwe zahanati sasa hivi!"

Mihayo alikimbia hadi jineri kutafuta mkokoteni. Akamkuta Athanas, aliyekuja kukagua. Wakarudi pamoja na mkokoteni wa ng'ombe.

"Wewe shika miguu, mimi nitashika mabega," alisema Athanas.

"Bwana afya, siwezi kuingia. Ni mkwe wangu."

"Basi atatokaje?"

Mihayo akaingia, macho ameyainamisha kwa heshima. Na kwa kuwa aliinamisha macho, aliona sakafu. Vumbi la pamba lilikuwa limejaa kila pembe, jepesi, la kijivu, likiruka kwa kila hatua yake. Lilikuwa juu ya mtungi wa maji. Lilikuwa juu ya ngozi ya kulalia. Bibi Nyamizi alitafuta pumzi kwa shida, na bado alikuwa anavuta kanga ajifunike uso, mkwe wake asimwone katika hali ile.

Mihayo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Njiani alimuuliza mkewe kwa sauti ndogo, "Mbona hamkuniambia?"

"Nani akwambie? Mama amwambie mkwewe kwamba kifua kinamuuma? Mimi nilikwambia. Ukasema ni baridi."

Mihayo alitembea hatua chache kando ya mkokoteni. Kisha akauliza, "Na maziwa?"

"Aliyafunika yasiingie vumbi, Baba Limi."

Zahanatini walimlaza Bibi Nyamizi. Mihayo alikaa nje, kichwa mikononi. Athanas akaja kukaa naye.

"Vumbi la pamba ni jepesi," alieleza. "Huingia mpaka ndani ya kifua. Wazee na watoto huumia mapema."

"Basi nilifanya kosa kuomba muda."

"Kuomba muda si kosa. Kosa letu ni kuutoa bila sharti. Anayeongezewa muda aseme atajenga lini. Aseme pia atapunguzaje vumbi wakati anajenga. Na waulizwe wale wanaolivuta. Mimi nami nilikosa, Mihayo. Nilipokea neno lako, sikufika kwenye nyumba zao."

Mihayo akamwomba mwanangwa aitishe baraza tena. Safari hii yeye mwenyewe alipita nyumba hadi nyumba akiwaalika wajane. Alipofika mlangoni kwa kila mmoja, aliona haya kutaja jina lake mwenyewe.

Barazani alisimama. Ile sauti nzuri ilikuwa imemkauka.

"Nilisema sijasikia malalamiko. Ni kweli, sikuyasikia. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo nisingeyasikia. Nikawasemea watu ambao sikuwauliza. Naona aibu mbele yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Ndipo mjane mmoja, Paskalia, akasimama akasema jinsi watoto wa bintiye wanavyokohoa. Mwingine akafuata, na mwingine.

Muda haukufutwa, bali ulifupishwa na kuwekewa masharti. Ujenzi uanze wiki ile ile. Upepo ukivuma kuelekea nyumbani kwa watu, mashine zisimame. Wafanyakazi wafunge vitambaa puani. Athanas akague kila wiki, na chumba kisipokamilika kwa siku iliyowekwa, jineri ifungwe. Bartholomeo alinung'unika, lakini mafundi walifika. Mihayo aliwabebea matofali bila kuombwa.

Chumba kilikamilika kabla msimu haujaisha. Vumbi likawa linatua humo ndani na kutolewa kwa magunia. Bibi Nyamizi akapata nafuu, akarudi kwake.

Jumapili ikafika. Mihayo alikaa kando ya ghala, uso umeelekea zizini. Hakujua kama atasalimiwa. Alingoja sana.

"Mwangaluka, baba," salamu ya Kisukuma ilitoka ndani, bila kikohozi.

"Mwangaluka, mayu," Mihayo alimwitikia mama mkwe wake polepole.

Mbuke akatoka na bakuli la maziwa, akaliweka mbele yake. Halikufunikwa. Maziwa yalikuwa meupe, hayana hata unyuzi mmoja. Mihayo aliyatazama, machozi yakamlengalenga.

"Kunywa, Baba Limi," alisema Mbuke. "Mama anangoja bakuli lake."