Mkaa wa Maganda ya Korosho

Kila Ijumaa akitoka shule, Josephina huvua sare, huchukua ndoo na kwenda sokoni kununua mkaa. Kazi hiyo anaipenda kuliko kuosha vyombo, maana sokoni kuna kupatana bei, na kwa kupatana bei binti huyu wa darasa la sita hana mpinzani Ruangwa nzima. Wenzake wamempachika jina la Bibi Punguza. Muuza nyanya akimwona kwa mbali hujifanya anafunga biashara.

Ijumaa moja mama yake, Domitila, alimsimamisha mlangoni.

"Leo usiende kuchezea maneno huko, mwanangu. Nenda moja kwa moja kwa Mzee Kipriani, ulete ndoo moja. Kesho saa sita Sista Dafrosa anakuja kuonja maharage yangu."

Josephina alijua uzito wa kuonja huko. Sista Dafrosa alikuwa mkuu wa shule ya chekechea ya parokia, naye alikuwa anatafuta mpishi wa chakula cha watoto. Wakati huo Domitila aliuza vyombo vya plastiki minadani. Kila Jumanne alikwenda Narung'ombe na vijiji vya mbele, akalala huko siku mbili, na Josephina na mdogo wake Eliudi wakalala kwa jirani. Akipata kazi ya Sista, mama angelala nyumbani siku zote. Josephina aliitamani kazi hiyo kuliko mama mwenyewe.

Mzee Kipriani alitoka Nachingwea kila wiki na magunia yake ya mkaa mbadala, ule wa vitonge vinavyotengenezwa kwa maganda ya korosho. Lakini kabla Josephina hajamfikia, kipaza sauti kilimwita.

"Ndoo mbili kwa bei ya moja! Vitonge vya korosho, bei ya kutupa!"

Aliyekuwa akinadi ni kijana mmoja mchangamfu, jina lake Lukumani.

"Vinawaka?" Josephina aliuliza.

"Vinawaka mpaka vinakera, dogo!"

Josephina alivitazama. Vilikuwa vyeusi, vya mviringo, sawasawa na vya Mzee Kipriani. Akapatana, akanung'unika, akajifanya anaondoka, akaitwa. Mwisho wa yote alipata ndoo mbili na nyongeza ya nusu, zote zikatiwa kwenye gunia. Alirudi na gunia kichwani, shingo imesimama kwa fahari, na hakumwambia mama yake neno. Alitaka kumshangaza.

Kesho yake asubuhi mama alishangaa kweli. Jiko liliwaka haraka, kisha likatoa moshi mweusi unaochoma macho. Eliudi alikohoa mpaka akakaa chini. Kuku wakahama uwanja. Josephina aliongeza vitonge mara ya pili, ya tatu, na kila mara viliteketea mbio kama karatasi. Mama alifunua sufuria, akaonja, akatema.

"Haya maharage yananuka kama kibatari! Mzee Kipriani amepatwa na nini jamani?"

Hapo Josephina angeweza kunyamaza, kwa kuwa lawama ilikwisha kupata mtu wa kuibeba. Lakini roho ilimsuta.

"Si yeye, mama. Ni mimi. Nimenunua vya bei rahisi kwa mtu mwingine."

Domitila alitazama jua, kisha akatazama nusu ya maharage aliyokuwa amebakiza kwenye maji. "Maharage bado yapo," alisema. "Muda ndio unatukimbia."

"Basi nikimbilie dukani, mama, nikanunue ule wa pakiti inayong'aa! Ule wa ghali kabisa!"

"Umejuaje kwamba ni mzuri?"

"Si ni ghali?"

Pamoja na hasira zake, mama alicheka. "Jana bei ndogo imekuita, ukaitika. Leo bei kubwa haijakuita bado, wewe unaipigia hodi! Chukua hela hizi. Kabla hujanunua popote, vunja kitonge utazame ndani. Na kama Mzee Kipriani hajapanda basi, muulize."

Josephina alichukua kitonge kimoja cha Lukumani, akatoka mbio. Duka lilikuwa njiani, akaomba kuonyeshwa mkaa wa pakiti. Kitonge cha pakiti kilimvunjikia vidoleni kabla hata hajakibana, kikawa vumbi.

"Hapo wateja wanapenda pakiti, mwanangu," alisema Rahel, mwenye duka, akicheka. "Mkaa wenyewe sijui."

Sokoni Mzee Kipriani alikuwa anafunga magunia yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jana ulinipita kama hunioni."

Kwa aibu Josephina alimpa kile kitonge, akamweleza yote. Mzee alikivunja. Ndani kilikuwa cha kahawia, na vidole vyake vilibaki na mafuta.

"Unaona? Ganda hili halikuungua likaisha. Bado lina mafuta, yaleyale yanayobabua mikono ya wabangua korosho. Ukiliwasha, mafuta ndiyo yanakutolea moshi." Kisha akavunja cha kwake. Kilitoa mlio mkavu, na ndani kilikuwa cheusi tii mpaka katikati. "Mimi nachoma siku nzima kwenye pipa lililofunikwa, ndiyo maana sipunguzi bei. Ila ndoo yangu inapika siku tatu. Na yako je?"

"Ndoo moja imekwisha asubuhi hii, babu. Na maharage hayajaiva."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Josephina alilipa bila kuomba apunguziwe. Alipompita Lukumani, alimwuliza, "Kaka, hivi vitonge vyako umewahi kuvipikia?"

Lukumani alishusha kipaza sauti. "Mimi? Mimi nakula hotelini, dogo."

Nyumbani moto ulishika taratibu, mwekundu, bila moshi. Maharage yalitokota, nazi ikaingia, na Sista Dafrosa alipobisha hodi sufuria ndiyo kwanza ilikuwa inaepuliwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Sista."

Sista alionja, akaomba kijiko cha pili. Kisha akamwona Eliudi. "Mbona huyu macho mekundu?"

"Moshi wa dada!" Eliudi alijibu kabla hajazibwa mdomo.

Josephina alimtazama mama yake, akamweleza Sista ukweli mtupu, tangu kipaza sauti hadi pipa la Nachingwea. Sista alisikiliza bila kutabasamu, akainama kulitazama jiko, akavunja kitonge kimoja mwenyewe.

"Nina watoto sitini," alisema, "na wengine vifua vyao vyepesi. Nilikuja kutafuta mkono wa kupika. Nimepata na nyumba inayojua kinachowaka jikoni mwake. Mama, anza Jumatatu."

Alipoondoka, Domitila alimketisha binti yake kando ya jiko.

"Sikiliza, mwanangu. Cha bei ndogo si lazima kiwe kibaya, wala cha bei kubwa si lazima kiwe kizuri. Bei inakuambia utatoa nini. Utapata nini, hilo unalitafuta mwenyewe kwa macho na mikono yako, kabla ya kulipa. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo, maharage yakiwa bado yapo."

"Mama," Eliudi aliuliza, mdomo umejaa, "kwa hiyo Jumanne tunalala kwa jirani?"

"Jumanne mnalala hapa," mama alisema. "Na mimi nalala hapa."

Josephina alimkumbatia mama yake kwa nguvu, akalia kwa furaha bila kuona haya.