Wayo Ndani ya Wayo

Kitu cha kwanza kilikuwa vumbi. Viatu vilikuwa vipya kabisa, vinanuka gundi, fundi alimkabidhi Mama Bonge jana yake jioni naye akavisukuma chini ya kitanda cha wageni, basi asubuhi alipoinama kuvitazama kwa raha tu akakuta soli zimeshika vumbi jekundu. Vumbi la wapi? Nyumba nzima ilikuwa ya saruji na ilipigwa deki kila siku.

"Shemeji, ulivijaribu?" Mama Bonge alimuuliza fundi.

"Kwa mguu wangu huu?" Fundi akainua guu lake kama jembe. "Humo lingeingia dole gumba tu, guu lenyewe libaki nje likilia."

Wakacheka. Mama Bonge akavifuta, akajiambia ni vumbi la karakana tu, maana fundi alishonea viatu chumba cha mbele, na rafiki yake, mke wa fundi, alikuwa na cherehani yake kibarazani.

Alikuwa amefikia kwao siku tatu kabla ya ziara. Yeye na mke wa fundi walikaa dawati moja sekondari, na katika jiji lile hakuwa na mwingine wa kumwachia mtoto. Miezi minne nyuma Bonge alilazwa, kifua kimebana, midomo imekuwa ya bluu, daktari anakwepa kumwangalia mama usoni, ndipo mama akaweka nadhiri pale pale kwenye korido ya hospitali: mwanangu akipona, nitakwenda kwa miguu mpaka mahali patakatifu, siku kumi na mbili, mimi mwenyewe. Bonge akapona. Sasa alikuwa na mwaka na miezi miwili, mashavu yamerudi, anatambaa kama gari, ila kusimama bado.

Viatu vya safari vilikuwa zawadi ya fundi. Alimwambia kwa simu achore nyayo zake kwenye karatasi amtumie. Mama Bonge akasimama juu ya karatasi, akachora, na Bonge alipokuja kutambaa juu yake, kwa mchezo tu jamani, mchezo wa mama na mwana, akaushika mguu wake mdogo akauchora ndani ya wayo wake wa kulia. Na fundi alikuwa na mazoea yake. Kwanza aliihamishia michoro kwenye kipande cha boksi, akakitundika ukutani kwenye msumari pamoja na vipimo vya wateja wengine. Kisha karatasi yenyewe hakuitupa, aliikata, kila wayo akaubandika ndani ya kiatu chake, chini ya soli ya ndani. "Ili kiatu kimjue mwenyewe," alipenda kusema.

Siku ile ya vumbi, saa saba mchana, watu wameshakula, cherehani imenyamaza, kila mmoja amejilaza kwa joto, Mama Bonge akasikia mtu anatembea koridoni. Kwa, kwa, kwa. Soli ya ngozi juu ya saruji. Hatua saba, kimya, hatua saba. Akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya udongo mkavu ulionyeshewa muda si mrefu, na nje jua linawaka.

Akamfuata rafiki yake chumbani kwa kunyata.

"Shoga, umesikia?"

"Nimesikia tangu jana." Mke wa fundi alinong'ona, shuka ameivuta mpaka kidevuni. "Nikadhani ni wewe unajizoeza safari."

"Mimi nilikuwa nimelala!"

"Basi usiniambie. Nyamaza, usiniambie."

Hatua zikaanza tena, na safari hii Mama Bonge akakumbuka kwamba mtoto amebaki peke yake kule chumbani, akakimbia, akapita katikati ya ile harufu na ile sauti ambayo ilikuwa koridoni na haikuwa koridoni, akasukuma mlango, akamkuta Bonge amelala chali, macho yamefumba, na miguu yake miwili inapanda na kushuka hewani, taratibu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mwendo ule ule wa hatua za nje, na alipoidaka na kuigeuza akaona malengelenge, akaona visigino vimepasuka na kujaa vumbi jekundu, visigino vya mtu aliyetembea siku nyingi, kwa mtoto ambaye hajawahi kusimama.

Wakamwita mkunga wa mtaa wa nyuma, mama mtu mzima aliyestaafu kuzalisha akabaki na kazi ya kutoa majini. Hakuuliza mengi. Alivishika viatu, akavinusa, cha kulia akakirudisha kwa fundi.

"Fumua."

Fundi akapitisha kisu. Karatasi ikatoka, na vumbi likamwagika kama limepimwa kwa kikombe.

"Nani alimchora mtoto humu?"

"Mimi, mama," akasema Mama Bonge. "Tulikuwa tunacheza."

"Njia ile ya ziara ina mwenyewe. Umemwonyesha wayo, naye anajua amepewa." Akakata wayo mdogo kwa mkasi. "Umechora mwingine?"

"Ni huo tu, mama. Huo tu."

Mkunga akauchoma ndani ya kopo huku akisoma dua. Moshi ulipopanda, hatua zikasikika koridoni, nzito, zenye hasira, zikapita uani, zikaenda zikififia mpaka mwisho wa mtaa.

"Nisipokwenda je?" Mama Bonge aliuliza. "Nibaki naye?"

"Nadhiri ni yako, nenda ukailipe, usije ukadaiwa ulichopewa. Ila mtoto asihusike na njia ile kwa lolote."

Kesho yake saa saba ilipita kimya. Malengelenge yalinywea. Kundi la waendao ziara liliondoka keshokutwa yake alfajiri, na Mama Bonge akaondoka nalo, analia, anageuka, anapunga mkono.

Siku ya tatu ya safari, mchana, wamepumzika kando ya barabara ya vumbi jekundu, simu ikaita.

"Mama Bonge, kaa chini!" Mke wa fundi alikuwa anacheka. "Mwanao ametembea!"

"Muongo!"

"Haki ya nani! Ametoka chumbani mpaka uani, hayumbi hata kidogo, kama mtu mzima. Fundi kachanganyikiwa kwa furaha, maana tangu juzi alikuwa ameshaanza kumshonea viatu vya kwanza. Wala hakuhangaika kumpima, kipimo si kipo pale ukutani, kwenye boksi? Ule mguu mdogo uliomchora ndani ya wako."

Mama Bonge akaibana simu sikioni. Nyuma ya sauti ya rafiki yake alisikia kwa, kwa, kwa. Soli ya ngozi juu ya saruji. Hatua saba, kimya.

"Shoga," akasema, "mvue hivyo viatu. Mvue sasa hivi!"

"Viatu gani tena? Havijaisha, vipo mezani hapa." Kicheko kikakatika. "Bonge yuko peku."

Mama Bonge akasimama, akageuka kule alikotoka. Kiuno kiligeuka, uso uligeuka. Viatu vikabaki vimeelekea mbele, miguu imo ndani.