Hatua Arobaini Chini ya Kilele

Asubuhi za Jumamosi nyumbani kwa Mbishi zilikuwa na kazi zilezile: kufagia ua, kuwapa kuku maji, kisha kumsaidia mama kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani, maana macho ya mama yalikuwa yameanza kuchoka. Shuleni aliandikishwa kwa jina jingine, lakini hata mama aliyemzaa alikuwa karibu kulisahau. Tangu alipojua kusema, maneno aliyoyapenda binti huyo yalikuwa mawili tu: "kwa nini" na "sitaki".

"Leo nimemaliza kazi zote," alisema, akifunga kamba za buti za kaka yake. Zilikuwa kubwa, kwa hiyo alizijaza vipande vya vitambaa kwenye ncha.

"Mvua imenyesha wiki nzima," mama alisema huku akikanyaga cherehani. "Huko milimani ni tope tupu. Usijifanye chuma, mwanangu."

"Sijifanyi, mama. Ndivyo nilivyo."

Mama alicheka mpaka mshono ukapinda.

Baridi ilikuwa imeondoka na majani mapya yalikuwa yanachipua. Kila mwaka wakati huo, wanafunzi wa shule yao walipanda vilele vitatu vilivyokuwa nyuma ya mji. Walikwenda wannewanne, na kundi halikuruhusiwa kuachana. Juu ya kila kilele palikuwa na kibao chenye nambari, ambayo kundi liliiandika kwenye daftari lake. Kundi la kwanza kurudi na nambari zote tatu lilipewa kikombe. Walimu na walinzi wa msitu walisimama sehemu mbalimbali njiani, na filimbi ikilia saa nane, kila mtu alipaswa kugeuka, awe amefika au hajafika.

Siku hiyo kundi la Mbishi liliongozwa na kiranja wa darasa, mvulana mrefu waliyemwita Kapteni. Wengine walikuwa Bonge, mzito wa mwili lakini mwepesi wa kucheka, na Kasuku, msichana aliyerudia kila alilosema Kapteni. Daftari alikabidhiwa Mbishi kwa sababu ya mwandiko wake.

Kwenye kilele cha kwanza walikutana na utelezi mapema. Bonge alianguka mara nne, na mara ya tano akakaa kabisa. "Tope limenipenda," alisema, "sasa tumeamua kuishi pamoja." Walimvuta kwa mikono, wakicheka. Kilele cha pili hakikuwa na kicheko. Walipanda kwa magoti, wakishika mizizi, maji baridi yakiwaingia shingoni kutoka kwenye majani. Juu, Mbishi aliandika nambari ya pili.

Kisha wakafika chini ya kilele cha tatu. Njia ilikuwa korongo la udongo mwekundu, limesimama kama ukuta. Walijaribu mara tatu, na mara zote tatu waliteleza hadi walipoanzia. Wakati wanahema, kundi jingine lilishuka likiwa limepakaa matope hadi nyusi.

"Msijisumbue," kiongozi wa kundi hilo alimwambia Kapteni kwa sauti ya chini. "Nambari ni sitini na tatu. Andikeni mwende zenu."

Walipopita, Kapteni alimgeukia Mbishi. "Haya, andika."

"Andika," alisema Kasuku.

"Siandiki."

"Mbishi, huu si wakati wa mambo yako. Tukishuka mbio sasa hivi tutawapita wale, na kikombe ni chetu."

"Hiyo nambari sikuiona. Wewe umeiona?"

"Kwani nambari itabadilika kwa sababu tumeambiwa? Sitini na tatu ni sitini na tatu!"

"Basi nitaiandika nikishaiona."

Kapteni alinyoosha mkono kulichukua daftari. Mbishi alilisukumia ndani ya sweta na kukunja mikono kifuani. Kapteni alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na sasa alimtazama kama adui. Hata hivyo hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Nitapanda," alisema. "Mkitaka kukaa, kaeni. Lakini kundi halivunjwi, kwa hiyo mtaeleza wenyewe kwa nini mlikaa."

Bonge akajifuta uso kwa mkono mchafu kuliko uso wenyewe. "Mimi nakwenda naye," alisema. "Nimeshaanguka vya kutosha, siwezi kushuka na kikombe cha uongo."

Kapteni hakuwa na njia nyingine. Walichimba vidato kwa ncha za viatu, kimoja kimoja. Bonge alisimama chini, wenzake wakakanyaga mabega yake, kisha wakamvuta kwa koti. Hatimaye walitoka juu ya korongo, na mbele yao, kwenye ukungu, wakakiona kibao. Zilibaki kama hatua arobaini.

Filimbi ikalia.

"Twende! Tunakimbia tu!" alifoka Kapteni.

Mbishi alitaka kulia. Ukungu ulikuwa unazidi kushuka, na mwamba ulikuwa unang'aa kwa maji. "Filimbi ni filimbi," alisema. Akatoa daftari na kuandika: *Kilele cha tatu: hatukufika. Tumegeuka hatua arobaini chini yake.*

Walirudi wa mwisho. Mwalimu wa michezo aliposoma matokeo, Kapteni alishindwa kujizuia.

"Mwalimu, nambari tulikuwa nayo! Mbishi ndiye aliyekataa kuiandika!"

"Mliipataje wakati hamkufika?" aliuliza mwalimu.

Kapteni alimgeukia kiongozi wa kundi lile jingine. Naye akaanza kuzitazama buti zake.

Mlinzi wa msitu, mama mfupi mwenye koti la mvua, alilichukua daftari na kulisoma polepole. "Mnadhani madaftari haya ni ya kikombe?" aliuliza. "Mtu asiporudi, madaftari ya wapandaji, pamoja na lile la getini kwetu, ndiyo ninayoyasoma kwanza. Kuna bwana mmoja aliandika kwenye hilo la getini kwamba anapanda kilele cha tatu, ili aonekane hodari. Tulimtafuta huko siku mbili. Alikuwa kilele cha kwanza, mguu umevunjika, anatusikia tukimwita mbali. Alipona, lakini ule mguu hautembei sawasawa hadi leo."

Kapteni alisogea karibu na Mbishi. "Nilikosea," alisema, safari hii bila Kasuku kurudia.

"Kwa hiyo tunarudi lini?" aliuliza Mbishi.

"Kwani mlima umehama?" alijibu mlinzi. "Jumamosi ijayo nitawapeleka mimi."

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tena, na korongo liliwatesa vilevile. Lakini walianza mapema, na saa tano walisimama wote wanne kwenye kibao, wakiona mji wao mdogo kama punje chini ya mawingu. Mbishi aliisoma nambari kwa sauti kabla ya kuiandika: sitini na tatu.

Mlinzi alimtazama akiandika. "Huo ubishi wako usiuache, binti yangu," alisema. "Ila chagua wa kumbishia. Anayekuambia uandike uongo, mbishie hata akiwa rafiki yako. Filimbi inayokulinda, itii hata kama umebakiza hatua moja. Ukijua hayo mawili, mlima wowote utaupanda, na nyumbani utarudi."