Rula na Pembe ya Tatu

Kila jioni akitoka shule, Rula alifagia maranda chini ya meza ya kazi, akavuta kigoda, akafungua kitabu chake cha jiometria. Maswali ishirini kila siku, humo humo ndani ya karakana ya mama yake, fundi seremala. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa kuingia sekondari. Nafasi zilikuwa arobaini, watahiniwa zaidi ya mia sita, na kila mtu hufanya mara moja tu.

Wenzake walimwita Rula kwa sababu rula haikumtoka mkononi. Lakini hawakujua siri yake. Michoro ya kitabu kile ilichorwa sawasawa kabisa, basi Rula aliweka kipimapembe juu ya mchoro, akasoma nyuzi, akaandika jibu. Na njia je? Njia aliitunga baadaye, akirudi kinyumenyume kutoka kwenye jibu. Alama zikawa kumi na tisa, ishirini. Mama yake akawa anawaambia wateja, "Binti yangu huyo, ana kichwa!"

Alhamisi wakapewa jaribio la mwisho. Juu ya karatasi palikuwa na mstari mmoja: *Michoro hii haikuchorwa kwa vipimo halisi.* Rula hata hakuusoma. Alipata nne kati ya ishirini.

"Mtihani wa Jumamosi utakuwa hivi hivi," mwalimu alimwambia. "Na hizi njia zako hazina kichwa wala miguu. Ulizitoa wapi?"

Rula aliikunja karatasi mara nne, akaificha ndani ya soksi.

Alipofika karakana, mama hakumpa hata nafasi ya kukaa. "Afadhali umekuja, mwanangu! Mteja anataka mlango wa kabati la chini ya ngazi kesho asubuhi, na ubao mzuri umebaki huu mmoja. Mchoro wake huo hapo. Pembe ya juu hakuiandika. Nitafutie, halafu uchore mstari, mimi ninoe patasi."

Mchoro ulikuwa wa pembetatu, umechorwa kwa kalamu ya wino. Rula akatoa kipimapembe chake, akapima, akachora mstari kwenye ubao.

"Nyuzi sitini, mama."

"Umeipataje?"

"Nimehesabu."

"Haya, mtaalamu ni wewe." Mama akavaa miwani ya kazi, akawasha msumeno wa umeme.

Rula akautupia mchoro jicho tena. Chini, upande wa ukuta, palikuwa na alama ya pembe mraba. Kwenye pembe ya upande wa pili pameandikwa nyuzi thelathini na nane. Tisini na thelathini na nane, na sitini yake... mia moja themanini na nane! Pembetatu gani hiyo? Akisema, yote yatafichuka, hata ile karatasi ya kwenye soksi. Akinyamaza, ubao umekwenda. Msumeno ulikuwa umebakiza upana wa kidole kuufikia ubao.

"Mama, usikate!"

Mama akazima mashine. "We mtoto, umenishtua! Kuna nini?"

"Sikuhesabu. Nilipima mchoro." Machozi yakamtoka. Akainama, akaitoa karatasi, akampa. "Na huku pia. Siku zote huwa napima."

Mama aliisoma mbele na nyuma. "Nami nimekutangaza mtaa mzima," akasema. Akavuta kigoda, akakaa. "Huyu mteja alichora amesimama, karatasi iko kwenye goti. Mchoro wake unanionyesha tu kipi kiko wapi. Sasa ufunike. Tunajua nini?"

"Pembe mraba. Na nyuzi thelathini na nane."

"Na zote tatu zinafika ngapi?"

"Mia moja na themanini." Rula akafuta pua. "Inabaki hamsini na mbili."

"Basi futa ule mstari, uchore wako."

Ijumaa asubuhi mama alirudi kutoka kwa mteja akicheka peke yake. Mlango ulikaa barabara. Lakini kipimapembe alikuwa amekifungia kwenye droo, na jioni hiyo Rula alirudia jaribio lote bila hicho. Alitoka jasho. Alifika swali la kumi na tatu tu, ila safari hii kila njia ilikuwa yake.

Jumamosi, swali la saba lilikuwa na pembetatu iliyoonekana ina pande mbili sawa. Mkono wake ulitafuta rula wenyewe. Akaukalia. Akasoma namba, akahesabu, na kumbe pande hizo hazikuwa sawa hata kidogo.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki tatu. Rula alitafuta jina lake kuanzia juu, akashuka, akashuka, hadi nafasi ya thelathini na sita. Alikimbia bila kupumzika mpaka karakana.

Mama alimkumbatia, nguo zake zikiwa vumbi tupu la mbao. Kisha akafungua droo, akamrudishia kipimapembe.

"Chukua, sasa kitakusaidia," alisema. "Lakini usisahau siku ile, mwanangu. Uliponidanganya kwamba umehesabu, mimi nilikuamini, nikawasha msumeno. Bora uniambie hujui, tutafute pamoja."