Samaki wa Dimbwi Mwezini

Kambare yule alikuwa wa nuru tupu, hana nyama wala mwiba, lakini kila alipopanua kinywa watu waliokaa bwaloni walirudisha viti nyuma. Alianza akiwa na ukubwa wa kidole. Kalunde Mihayo alipozungusha gurudumu la mashine, miezi ya maisha yake ikaanza kukimbia ndani ya tangi la kioo. Kambare akanenepa, akammeza samaki mwekundu, akawameza wenye mistari, akamalizia na konokono. Mwisho akabaki peke yake, pua imegusa kioo upande mmoja na mkia umejikunja upande wa pili.

"Haya, kambare wa ziwani asituletee balaa," Kalunde alisema, na bwalo zima likacheka.

Mashine ile aliiita kipatanishi. Aliiunda mwenyewe, yeye mhandisi mkuu wa maji wa Unyamwezini, mji uliochimbwa chini ya uso wa mwezi. Jina la mji lilitolewa na mafundi wa kwanza, wengi wao watu wa Tabora, waliodai kwamba hakuna wengine wenye haki ya kuubatiza. Ukikitajia kipatanishi aina ya samaki, kilipima atakua kiasi gani, kinywa chake kina upana gani, ana hasira au mpole, anataka maji ya joto lipi, anapenda kukaa juu, katikati au chini. Kisha kilichora kwa nuru, ndani ya tangi lile lile tupu, maisha yake na wenzake.

Uangalifu huo ulikuwa na sababu. Maji ya mwezini huyeyushwa kutoka kwenye barafu ya mashimoni, na kila ndoo ina kazi yake. Baraza la mji lilikubali kutoa maji ya tangi moja dogo ili watoto waliozaliwa huko wapate kuona kiumbe anayeogelea. Lakini liliweka sharti: samaki wakigombana na kufa, maji yatarudishwa bombani, na ombi hilo lisiletwe tena.

"Jaribu furu," alisema Makoye, mwoka mikate, mtu wa Mwanza. "Samaki wa kwetu hana ubaya."

Furu wa nuru akatokea, buluu na manjano, mzuri kweli. Haukupita mwezi wa mashine akawa amejitwalia kona nzima ya tangi, na kila aliyesogea alifukuzwa kwa meno.

"Huyo ni wa kwenu kabisa," sauti moja ikasema kutoka nyuma, na Makoye mwenyewe akashika mbavu kwa kucheka.

Wakaendelea hivyo mpaka mezani hakuna aliyekumbuka chai. Kwa chini walipata vikambare vya madoa visivyozidi kidole gumba, vinavyotembea kwa kundi na kuokota mabaki. Kwa katikati wakachagua samaki wembamba wa mito ya Kongo, wapole, ambao mmoja akiwa peke yake hujificha kwa woga, lakini wakiwa kundi hung'ara kama bati jipya. Kipatanishi kikawaka kijani. Ikabaki nafasi ya samaki mmoja wa kuvutia jicho.

Ndipo aliposimama Asumini Mtulia, daktari wa meno, mwanamke wa Rufiji ambaye kwa kawaida alikula haraka na kuondoka.

"Mtani," alimwambia Kalunde, "mna mayai ya samaki wa madimbwi kwenye ghala lenu?"

Yalikuwepo. Yalisafiri kutoka duniani ndani ya udongo mkavu, kwa maana samaki hao ndivyo walivyo: dimbwi likikauka wanakufa wote, mayai yanabaki ardhini yakisubiri mvua. Kalunde akakitajia kipatanishi. Dume akatokea, mwili wa samawati, mkia mwekundu kama kaa la moto, na watoto wakapiga kelele. Hakumgusa samaki mwingine. Akawa anawachezea majike yake kati ya majani. Kisha, miezi ilipozidi kukimbia, akafifia na kutoweka. Taa ikawa nyekundu.

"Kimekataa," Kalunde alisema. "Hawaishi mwaka."

"Nimekiona. Lakini wamegombana na nani?"

"Hawakugombana."

"Sasa kimekataa nini?"

Kalunde alilijua jibu, kwa sababu aliliweka mwenyewe. Alipokuwa akikifundisha kipatanishi maana ya amani, alikiambia kwamba tangi lenye amani ni lile ambalo hafi samaki yeyote. Wakati huo alikuwa ametoka kupata habari ya kufariki mama yake. Chombo cha kurudi duniani kilikuwa hakijafika, na mazishi aliyaangalia kwenye kioo cha ukutani, sauti ikichelewa nyuma ya picha. Tangu siku hiyo hakutaka kuona kingine kikiondoka.

"Daktari, watoto watalia," alisema kwa sauti ndogo.

"Watalia, ndiyo." Asumini akasogea karibu. "Mimi nililia utotoni, dimbwi la shambani kwetu Rufiji lilipokauka. Lakini ungeniona mvua ya kwanza ikinyesha! Jana pale shambani ni vumbi, leo ni maji, na baada ya siku chache ndani mna samaki. Nilikimbia kumwita kila mtu, hata wasionitaka. Sijafurahi vile tena mpaka leo."

Kalunde akaifuta ile kanuni yake, akaandika nyingine: wasiumizane, wasiogopeshane, kila mmoja apate mahali pake. Kipatanishi kilifikiri kidogo, kikataka dume mmoja kwa majike kadhaa, majani mengi ya kujificha na bakuli la udongo laini la kutagia. Taa ikawaka kijani, na Makoye akapiga meza kwa furaha hadi vikombe vikaruka.

Tangi lilipojazwa maji na samaki wa kweli, watu walianza kufika kazini wamechelewa. Vikambare vilipita chini vikifukua mchanga, kundi la Kongo likageuka kwa pamoja mithili ya kitambaa, na dume wa dimbwi akajitembeza mbele ya kila aliyesimama. Hakuna aliyemuuma mwenzake. Mwenyekiti wa baraza mwenyewe alikutwa akiongea nao.

Dume alipokufa, watoto walilia kweli. Kalunde alilia pamoja nao, waziwazi, na hakuona haya. Kisha Asumini akaleta udongo waliokuwa wameutoa kwenye bakuli na kuutunza mkavu. Wakaumimina kwenye beseni la jikoni, mbali na samaki wakubwa ambao wangevila vichanga. Watu wakabanana kuzunguka beseni. Kalunde akamimina maji taratibu.

Mwanzo palikuwa na tope tu. Kisha unywele mmoja ukatikisika, wenye macho. Halafu mwingine, halafu beseni likawa linachemka kwa vijisamaki, na harufu ya mikate inayoungua ikatoka jikoni bila Makoye kujali.

Jioni Kalunde aliinamia tope akiwa na kioo cha kukuzia. Mayai mengi yalikuwa bado mazima, hayajapasuka.

"Haya yameharibika?" aliuliza.

"Hapana," Asumini alisema. "Hayaanguliwi yote kwa mara moja. Mengine hungoja mvua ya pili, endapo ya kwanza itawadanganya wenzao na kukatika mapema. Yakaushe tena."

Kalunde akauchota ule udongo kwa viganja vyake, akautandaza juu ya kitambaa safi, akausawazisha polepole kwa vidole huku akitabasamu peke yake.

"Basi msiwe na wasiwasi," aliyaambia mayai. "Tutawanyeshea tena."