Magadi ya Tanuri la Bwana Mawe

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane hivi. Nasema "hivi" kwa sababu kwetu Haneti hakuna aliyeandika siku niliyozaliwa. Ila siku niliyokufa naijua... Ndiyo, nilikufa, ingawa bado natembea na kula ugali.

Mume wangu wa kwanza alikwenda kwenye kazi ya reli ya Wadachi, hakurudi. Aliniachia binti mmoja, Sechelela. Kwa Kigogo jina hilo ni kama kusema "furahi". Na kweli alikuwa furaha yangu. Kambea kadogo, hakajui kunyamaza!

Tulikaa na mama yangu mzazi katika tembe letu mpaka akaja Rajabu, Mrangi wa Kondoa. Alikuwa mkalimani wa Mdachi mmoja msomi tuliyempa jina la Bwana Mawe. Rajabu alikuwa na kanzu safi, anajua Kidachi, anajua na Qurani. Naye alikuwa amefiwa na mke, ana mtoto wa kiume, Idi, aliyelingana na Sechelela wangu. Akanioa, nikasilimu. Akasema watoto wote wawili ni wake. Nilijiona nimepata... kumbe nimepatikana!

Mbuzi wetu walikuwa wakifa wakinywa maji ya kijito cha chini ya kilima. Bwana Mawe alitaka kujua ndani ya mawe ya kilima kile mna nini. Alijenga tanuri, akawa anayachoma mawe kutwa. Moshi wake ulinuka kama kitunguu saumu. Kwenye mdomo wa tanuri uliganda unga mweupe mfano wa magadi, ambao aliukwangua kwa kijiko na kuutia katika chupa.

Siku moja aliwakusanya watu wote, wapagazi wake na sisi wenyeji. Akasema maneno mengi kwa ukali, akiuonyesha ule unga. Akajishika koo, akatoa ulimi nje, akageuza macho. Sisi tukamtazama Rajabu, maana yeye ndiye aliyekuwa masikio yetu.

Rajabu akasema, "Bwana anasema unga huu ni mali yake. Atakayeugusa atanyongwa!"

Nani asingeamini? Wadachi kunyonga watu si habari mpya. Tukaona hata ulimi ule wa nje umefanana na wa mtu wa kitanzini.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Mimi na Rajabu tulifunga, watoto walikula kama kawaida. Mama, ambaye hakuacha mila za wazee, alikula huku akitucheka. Mchana mmoja alipika ugali na mlenda. Mlenda bila magadi si mlenda, Mgogo yeyote atakwambia, na kibuyu chetu cha magadi kilikuwa kitupu tangu mvua zianze. Mama akatoka. Aliporudi, kibuyu kilikuwa na unga mweupe.

Nikamuuliza, wewe mama, huogopi kunyongwa? Akasema yeye kakwangua yaliyodondoka chini tu. Akasema magadi ni ya Mungu na nchi ni yetu, Mzungu mwenye choyo cha magadi ndiye anayestahili kamba! Tukacheka... Mungu wangu, tukacheka!

Mama na watoto ndio kwanza walikuwa wanaanza kula Rajabu alipofika. Alisimama nje ya mlango akiwa amegeuza uso, maana mkwe hamtazami mkwe wake akila. Jicho lake likaangukia kibuyu.

"Magadi haya mmeyapata wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mama kayatoa kwenye tanuri. Usimwambie Bwana wako, asije akatunyonga!"

Akakitazama tena kibuyu. Kisha akasahau ukwe, akaruka ndani, akamshika Idi mkono tonge la kwanza likiwa karibu na mdomo. "Mwanamume mzima unakula mchana wa Ramadhani! Huna haya?" Akampiga kofi, tonge likaanguka. Akamburuta mpaka kambini kwa Bwana, mtoto analia.

Nami nilifurahi! Nikamwambia mama, unaona mume wangu alivyo mcha Mungu? Mama akasema huyo ni mwendawazimu, mtoto wa umri ule afungeje? Akamwambia Sechelela ale na sehemu ya mwenzake.

Binti yangu akala. Akachukua tonge moja, akalichovya vizuri, akaliweka pembeni katika kibakuli cha mti. "La Idi," akasema, "afuturie."

Haukupita muda, tumbo likamshika. Akatapika, akaharisha, akajikunja kama jani lililotupwa motoni. Mama naye akaanguka. Nilikimbia huku na huku nikilia. Rajabu aliporudi, wasomaji, hakuuliza hali ya mtoto. Aliuliza lile tonge ni la nani. Nikamwambia ni la Idi. Akalitupa motoni, na kibakuli chake.

Wakati wa kufuturu ulipofika, Sechelela alikuwa ameshanyamaza. Kambea wangu alinyamaza! Mama alimfuata asubuhi, akiomba maji mpaka mwisho.

Bwana Mawe akaja. Alipokiona kibuyu alipiga kelele, akamfokea Rajabu. Halafu akatulia, akatoa mkasi. Akakata nywele za mwanangu, akakata na kucha. Akachota mlenda uliobaki, akautia katika chupa, aende akauchunguze kama mawe yake. Hakuniomba ruhusa. Na aliyemshikia ile chupa ni mume wangu!

Tulizika. Kesho yake mchana, nilimkuta Rajabu akimnywesha Idi uji.

Nikamuuliza, Idi hafungi leo?

"Aa, huyu bado mdogo," akanijibu.

Jamani! Nikalikumbuka lile kofi. Nikalikumbuka tonge lililotupwa motoni. Nikamkaba kanzu, nikamwambia hatoki mpaka aseme.

Akasema. Siku ile Bwana alikuwa amesema unga ni sumu, naye Rajabu akalificha neno hilo, kwa kuogopa wapagazi wote wangekimbia na kazi yake ingekufa. Nikamuuliza, na pale mlangoni mbona hukusema? "Mama yako angepiga kelele, Bwana angejua nilimdanganya. Ningepigwa hamsa ishirini, mke wangu! Wewe hujaonja kiboko."

Viboko ishirini na vitano... Mwanangu alikuwa na thamani hiyo tu!

Nilikimbilia hemani kwa Bwana Mawe, nikamweleza yote kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa "lete", "haraka" na "kesho". Basi akafanya nini? Akamwita mkalimani wake!

Rajabu akasimama katikati yetu. Nililia, nikamwonyesha kidole, nikajishika koo na kutoa ulimi kama Bwana alivyofanya. Rajabu akayageuza maneno yangu taratibu, kwa heshima zote. Bwana akatikisa kichwa, akahema, akasema kitu.

"Bwana anakupa pole," Rajabu akaniambia. "Umekiri kwamba mama yako aliiba ingawa mimi niliwaonya. Amekusamehe."

Niliwageukia wapagazi, wote waliokuwapo siku ile ya tangazo la kunyongwa. Niliwasihi washuhudie kwamba Rajabu alitaja kitanzi, hakutaja sumu. Wakatazama chini, kila mmoja akiulinda mgongo wake.

Waliondoka na masanduku yao ya mawe, na nywele za Sechelela zimo. Nasikia Rajabu sasa ni mkalimani wa bomani. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilivaa kanzu nyeupe.

Sasa nakaa Dodoma, upande wa Kikuyu, nafua nguo za watu. Nimejifunza kusoma na kuandika, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu ili asipite mtu katikati. Nawasihi, msimwachie mtu mmoja awe mdomo wenu na masikio yenu. Mgeni akijishika koo, muulizeni yeye mwenyewe, hata kwa vidole.

Idi simlaani. Alikuwa mtoto, na tonge lake liliwekwa kwa upendo.

Lakini wewe mama unayesoma haya, ukimwona mtu anamnyanyua mwanawe ghafla kwenye chakula na kumwacha wako akila, usisimame kusifu dini yake kama mimi. Mpokonye mwanao tonge! Sababu utaiuliza baadaye.