Saa za Kiendeshi

Treni ya sumaku ilipopita Manyoni, mwili wa Tusekile ulikuwa behewa la nne, ukikanyaga pedali za baiskeli ya mazoezi mizunguko tisini kwa dakika. Macho yalikuwa wazi na jasho lilichuruzika hadi viatuni. Abiria mmoja alimgonga kiwiko akaomba radhi, mdomo ukajibu, "Bila samahani." Tusekile mwenyewe hakuwepo.

Kazi hiyo ilifanywa na Kiendeshi, kisahani kidogo kama kifungo cha shati kilichobandikwa nyuma ya sikio. Kilipowashwa, kilishika amri zote zinazotoka ubongoni kwenda kwenye misuli, kikauendesha mwili kwa saa zilizopangwa. Mwenye mwili alizama katika kile watengenezaji walichokiita pumziko, giza lisilo na ndoto wala uchovu. Ili watu wa nyumbani wasiogope, kilifundishwa pia kujibu kwa adabu, maneno mafupi mafupi, kwa sauti ya mwenyewe.

Tusekile alikuwa mhandisi wa pampu za maji Dodoma, mwenye miaka arobaini na mmoja. Alikuwa amekitumia kwa muda wa saa nne kila siku kwa miezi minane, maana alitaka kumaliza mashindano ya Kigoma: kuogelea karibu kilomita nne katika Ziwa Tanganyika, baiskeli kilomita mia na themanini, kisha kukimbia arobaini na mbili. Mapaja yake sasa yalikuwa magumu kama mbao, wala hakukumbuka kuchoka hata siku moja.

Alizinduka Tabora. Mdogo wake Subilaga, mwalimu aliyeomba likizo ili aje kumsaidia, alimpa taulo na chupa ya maji.

"Dada, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Mama alikuambia nini siku ile?"

"Siku gani?"

"Ile aliyokuja kwako Dodoma. Wiki mbili kabla hajafariki."

Tusekile alifikiri. "Tulikula, tukaongea habari za kawaida. Jumamosi akaondoka."

"Mimi alinipigia simu akiwa njiani kurudi Tukuyu." Subilaga aliyasema kama mtu aliyeyarudia moyoni mara nyingi. "Akasema, 'Leo nimekaa na dada yako asubuhi nzima, nimemwambia kila kitu. Habari za baba yenu na zangu. Amenisikiliza vizuri, hakunikatiza hata mara moja. Mwulize yeye, mimi sina nguvu ya kuyasema mara mbili.' Nimesubiri miezi mitano uanze mwenyewe. Nilidhani bado una uchungu."

Jumamosi asubuhi ilikuwa saa ya mazoezi. Tusekile alijipapasa ndani akitafuta uchungu huo anaosemwa kuwa nao. Hakuupata.

"Nipe muda," alisema.

Kigoma walifika siku moja kabla ya mashindano. Baada ya kujiandikisha, Tusekile alikwenda peke yake kwenye hema la mafundi wa Kiendeshi. Bi Mwamini, fundi wa makamo mwenye miwani, alikichomeka kisahani kwenye mashine yake.

"Kinatunza maneno?" Tusekile aliuliza.

"Kinayosema chenyewe tu. Ya watu wengine hakitunzi, ndiyo sheria." Akashuka na orodha hadi Jumamosi ile. "Kulikuwa na mtu anaongea nawe. 'Ndiyo mama', mara arobaini na sita. 'Naelewa', mara kumi na tisa. 'Pole mama', mara moja." Kisha akaonyesha kwa kidole. "Tazama mapigo ya moyo. Saa tatu na dakika kumi na saba yamepanda kutoka mia na ishirini hadi mia sabini na moja. Na mwendo wa pedali haukubadilika."

"Hapo palikuwa na nini?"

"Mwili ulisikia kitu. Ubongo wako ulipumzishwa, mwili haukupumzika. Ni kitu gani, hakuna wa kukuambia."

"Na hilo la 'Pole mama' lilisemwa saa ngapi?"

Bi Mwamini alivua miwani. "Dakika hiyohiyo."

Mchana huo, katika nyumba ya wageni, mbele ya sahani za ugali na samaki aina ya migebuka, Tusekile alimweleza mdogo wake yote. Alieleza kwa sauti aliyozoea kutolea ripoti ya pampu iliyokufa. Subilaga aliacha kula.

"Kwa hiyo hakuna anayejua."

"Hakuna."

"Mama amekufa akiamini amesikilizwa."

"Ndiyo."

"Na mimi miezi yote hii nakuonea huruma." Subilaga alinawa mikono, akaenda chumbani. Hawakusemezana tena siku hiyo.

Asubuhi, ufukweni, washindani wengine wakiwasha vyao, Tusekile alibandua Kiendeshi akamkabidhi Bi Mwamini.

"Mwili una mazoezi," fundi alimwonya. "Wewe huna."

Alijua. Aliingia majini pamoja na wengine mia tatu, na mara moja wakampita. Mikono ilijua kuvuta maji, lakini kila alipoifikiria ilipotea njia. Aliwaza apumue lini, akameza maji. Kufika boya la kwanza bega la kushoto lilikuwa linawaka. Hakuna aliyelizima. Aliendelea, mkono baada ya mkono, akikohoa, na boti ya walinzi ikimfuata polepole.

Alitoka ziwani akiwa amechelewa dakika tisa kupita muda wa mwisho. Msimamizi alimfungua kitambulisho kifundoni mwa mguu, akasema pole. Baiskeli yake ilikuwa peke yake kwenye uzio.

Subilaga alikuja na kitenge, akamfunika mabega. Walikaa kwenye kokoto.

"Umesikia nini humo majini?" Subilaga aliuliza.

"Baridi," Tusekile alijibu.

"Na nini tena?"

"Bega. Linauma sana." Akashangaa meno yake yanagongana. "Katikati nilitaka kumwita mama, Subi. Nikaona aibu."

Subilaga alivuta ncha ya kitenge, naye akaingia ndani yake.

"Endelea," alisema. "Nakusikiliza."